Paklitakseli ya kawaida, ya albumini, au kapsuli za manjano: shangazi achukue ipi?

Wiki mbili kabla shangazi, mwenye saratani ya matiti iliyosambaa, hajaanza dripu, kundi la WhatsApp la ukoo lilichemka. Binamu aliyeko Maskati alituma picha mbili. Ya kwanza ilikuwa boksi la Abraxane, chini yake ameandika: "Hii ni nano, haina madhara, nitaitafuta huku." Ya pili ilikuwa chupa ya kapsuli za kurkumini, kile kiini cha manjano tunayopikia, na maneno: "Hii nayo ni nano, tena ya manjano, ya asili tupu." Mjomba akadakia kwamba hospitali imempangia shangazi "ile dawa ya zamani". Basi macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mfamasia wa ukoo na kazi yangu ya kila siku ni kuchanganya dawa za saratani ndani ya kabati la kioo, mikononi nimevaa glovu mbilimbili.

Majibu niliyowapa yalikuwa marefu kuliko desturi ya WhatsApp. Nimeyapanga upya hapa kwa ajili ya familia nyingine yenye picha kama hizo kwenye simu.

Kwanza niliondoa neno moja kwenye mizani: asili. Vyote vitatu vimetoka kwenye mmea. Ile "ya zamani" na ile ya kwenye boksi ni dawa moja, paklitakseli, na kwenye chupa zote mbili utakuta limeandikwa paclitaxel. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Arthur Barclay, alibandua magome ya mti uitwao Taxus brevifolia katika jimbo la Washington. Monroe Wall na Mansukh Wani wakaitenga dawa iliyomo na kuchapisha umbo lake mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz akaonyesha inavyofanya kazi: hukaza vijiti vidogo ambavyo seli huvitumia kujigawa, seli ikakwama katikati ya kugawanyika na kufa. Kwa hiyo anayesema "ya asili" hajatusaidia kuchagua. Hata sumu ya nyoka ni ya asili.

Pili, nano ni kipimo tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe za Abraxane zina wastani wa nanomita 130, yaani ukizipanga foleni zinaingia zaidi ya 7,500 katika milimita moja. Kipimo hicho hakisemi chembe imebeba nini, wala kama ilichobeba kinatibu.

Kwa nini basi watu wahangaike na vitu vidogo hivyo? Kwa sababu paklitakseli na maji haviivi chungu kimoja. Haiyeyuki. Kuidunga kwenye damu peke yake ni kama kumwaga samli kwenye maji ya baridi. Lazima iwepo njia ya kuibeba, na karibu tofauti zote kati ya chupa hizi mbili zimo kwenye hicho kibebeo.

Ile ya zamani na mafuta yake ya nyonyo

Ukishika chupa ya paklitakseli ya kawaida na kuiinamisha, dawa inateremka polepole kama asali nyepesi. Imeyeyushwa kwa nusu spiriti na nusu Cremophor EL, kitu kinachotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo, haya haya ya mbarika ambayo bibi zetu walitunywesha tukifunga choo. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1992 kwa saratani ya ovari, na mwaka 1994 kwa saratani ya matiti.

Cremophor ndiyo imeipa sifa mbaya. Huamsha mzio: uso kuwa mwekundu, kifua kubana, presha kuporomoka. Kwenye majaribio ya mwanzo mzio huu nusura uiue dawa yenyewe kabla haijafika sokoni. Ndiyo maana mgonjwa hutangulizwa deksamethasoni (steroidi inayotuliza mzio ila hupandisha sukari), pamoja na dawa nyingine ya mzio na ya tumbo, na hata baada ya hapo mzio mkali umeonekana kwa wagonjwa 2 hadi 4 katika kila 100. Mara nyingi hutokea dripu ya kwanza au ya pili, ndani ya dakika 10 za mwanzo. Nesi anayejua kazi yake hatoki kando ya kitanda dakika hizo.

Halafu Cremophor ina visa vyake vidogo. Inanyonya kemikali kutoka kwenye mifuko na mipira ya PVC, kwa hiyo tunatumia chupa za kioo au mifuko ya plastiki nyingine, na dripu lazima ipite kwenye chujio laini. Dozi iliyozoeleka ni miligramu 175 kwa kila meta ya mraba ya mwili, kwa saa 3, kila wiki ya 3. Au 80 kwa saa 1, kila wiki. Shikeni hiyo ratiba ya kila wiki, tutairudia.

Wanaoibeza kwa uzee wake wajue kwamba imepimwa hapa hapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika katika nchi zikiwemo Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe, ulilinganisha matibabu ya saratani ya Kaposi iliyosambaa kwa watu wenye VVU. Paklitakseli ya kawaida iliipiku etoposidi, ikaupiku pia mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini. Na hakukuwa na chembe ya nano humo.

Ile ya albumini

Abraxane iliidhinishwa Marekani Januari 2005. Hapa Cremophor imeondolewa kabisa, dawa imefungwa na albumini, protini iliyomo kwenye damu ya kila mtu. Kila chupa ina miligramu 100 za paklitakseli na takriban miligramu 900 za albumini iliyotolewa kwenye damu ya binadamu. Jambo hili watu hawaulizi, na wangeuliza: wapo wagonjwa ambao imani yao haiwaruhusu kupokea kitu kilichotoka kwenye damu ya mtu. Waambiwe mapema, wasije wakaligundua dripu ikiwa inatembea.

Kuichanganya kunahitaji subira. Ni unga. Unaingiza mililita 20 za maji ya chumvi, tena taratibu kwa dakika nzima au zaidi, ukielekeza kwenye ukuta wa chupa ili usipige unga moja kwa moja. Unaiacha dakika 5 ilowe. Kisha unaizungusha pole kwa dakika 2, bila kuitikisa, maana ukiitikisa inatoa povu, na ikitoa povu unakaa kuisubiri robo saa. Ikikubali inakuwa nyeupe kama maziwa. Mara ya kwanza kuiona nilidhani nimeiharibu.

Faida zake kwa mgonjwa zinaonekana kwa macho. Dripu ni nusu saa badala ya saa 3. Kwa kawaida haihitaji deksamethasoni ya kutangulia, na hilo si dogo kwa mwenye kisukari. Dozi nayo inapanda: 260 kwa meta ya mraba badala ya 175. Shangazi ana kama meta 1.6. Kwa ya kawaida angepata miligramu 280, kwa Abraxane miligramu 416, yaani chupa 5 kila mzunguko. Bei ya chupa 5 mtaiuliza huko huko Maskati, ila mjipange kabisa.

Tofauti hiyo ya dozi ndiyo inayonitisha kuliko yote kila ndugu anapotaka "kutuma dawa". Chupa zote mbili zinaitwa paklitakseli. Anayezibadilisha bila kubadilisha hesabu amempunja mgonjwa au amempa sumu. Onyo hilo limo kwenye karatasi ya dawa yenyewe, na bado dawa zinafika kwenye begi la nguo bila karatasi.

Zilipokutana uso kwa uso

Utafiti ulioipa Abraxane kibali ulikuwa na wanawake 454 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 33 ya waliopata ya albumini, na asilimia 19 ya waliopata ya kawaida. Chembe nyeupe za damu ziliporomoka vibaya kwa asilimia 9 dhidi ya 22. Hadi hapo binamu ana haki ya kushangilia.

Ila ganzi nzito ya mikono na miguu iliwapata asilimia 10 kwa ya albumini, na asilimia 2 tu kwa ya kawaida. Wengi ilipungua baada ya kusimamisha dawa, kama wiki 3 hivi. Niliposoma takwimu hiyo nilimkumbuka shangazi. Ni fundi cherehani, miaka thelathini anashona madera na sare za shule pale Tanga. Nilimpigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nambie, mie hiyo nano siijui wala siitaki kuijua. Vidole vyangu vitabaki?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa kwenye kundi.

Kuna jambo jingine: katika utafiti ule, ya kawaida ilitolewa kila wiki ya 3. Baadaye madaktari wengi wakahamia kila wiki. Ndipo Wamarekani wakazipambanisha upya kwa ratiba ya wiki, katika utafiti wa wagonjwa 799 uliokuwa pia na dawa ya tatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Ya kawaida iliuzuia ugonjwa usiendelee kwa miezi 11, ya albumini kwa miezi 9.3, na ya albumini ndiyo iliyokuja na madhara mengi zaidi, ganzi ikiwemo. Haki isemwe: dozi ya albumini waliyoitumia ilikuwa kubwa, 150 kila wiki, na wengi wao walipata pia dawa nyingine juu yake. Ujerumani nako, kwa wanawake ambao saratani haijasambaa na wanapewa dawa kabla ya upasuaji, ya albumini ilishinda: uvimbe ulitoweka kwa asilimia 38 dhidi ya 29. Kwa hiyo siwezi kusema ya albumini ni danganya toto. Nasema ubora wake unayumba kulingana na hatua ya ugonjwa, dozi na ratiba, na kwa mtu ambaye ugonjwa umeshafika kwenye mapafu kama shangazi, ya kawaida ya kila wiki haijaachwa nyuma.

Mtu atauliza: lakini si tunaambiwa chembe za nano zinaufuata uvimbe wenyewe? Wazo hilo ni la watafiti wa Kijapani, Matsumura na Maeda, mwaka 1986: mishipa ya damu ya uvimbe inavuja, kwa hiyo chembe ndogo zinapenya na kubaki humo. Kwa panya inaonekana vizuri. Ila mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya majaribio ya miaka 10 na kukuta kwamba, kwa kati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Hazikufika hata 1 katika 100. Ini na bandama huzikamata nyingi njiani. Ndiyo maana nikiona neno "inalenga" kwenye tangazo huwa nashusha miwani.

Saratani ya kongosho ni habari tofauti. Abraxane pamoja na jemsitabini ilisogeza maisha kutoka miezi 6.7 hadi 8.5, na tangu mwaka 2013 inatumika rasmi. Tena kwa walioshindwa na jemsitabini, irinotekani iliyofungwa kwenye vifuko vya mafuta, Onivyde, ikitolewa pamoja na fluorourasili iliongeza kutoka miezi 4.2 hadi 6.1, na chimbuko la irinotekani ni mti wa Kichina, Camptotheca acuminata. Mgonjwa wa kongosho akiambiwa na daktari wake Abraxane, asije kunionyesha makala haya kama hoja ya kuikataa.

Vibebeo vingine, kwa haraka

Korea Kusini wana Genexol-PM, paklitakseli iliyobebwa na miseli, vitufe vya hadubini vya plastiki inayooza mwilini, vidogo kuliko chembe za albumini. Uchina wana yao ya liposomu, yaani vifuko vya mafuta. Kwa mgonjwa wa Tanga ni majina ya kusoma tu.

Lenye somo ni lile la vinkristini. Hii hutoka kwenye yale maua madogo ya waridi na meupe tunayopanda kando ya baraza, asili yake Madagaska, na watoto wengi wa Afrika Mashariki wenye saratani ya Burkitt wametibiwa kwayo. Kasoro yake ni ganzi, hivyo madaktari wengi hawavuki miligramu 2 kwa mara moja hata mgonjwa awe na mwili wa namna gani. Mwaka 2012 Marekani wakaruhusu Marqibo, vinkristini ndani ya liposomu za nanomita 100 hivi, ikivuka ule mpaka wa 2. Kuiandaa ulihitaji beseni la maji ya nyuzi kama 65, kipimajoto na zaidi ya saa nzima. Kibali kilikuwa cha muda, kikisubiri utafiti wa kuthibitisha. Utafiti haukukamilika, na mwaka 2022 kibali kikafutwa. Vinkristini ya kawaida ya mwaka 1963 bado ipo rafuni.

Kapsuli za manjano

Hapa ndipo nilipogombana na binamu, tukapatana baadaye.

Manjano ya unga ina kurkumini kama asilimia 3 tu. Na hiyo kidogo, ukiila, utumbo na ini vinaigeuza upesi na kuitoa. Huko Texas wagonjwa 25 wa kongosho walipewa gramu 8 kwa siku, ni mlima wa kapsuli huo, na bado iliyoonekana kwenye damu ilikuwa chache mno. Wawili tu ndio ugonjwa uliotulia au kusinyaa. Kwa hiyo tatizo ambalo nano inajaribu kulitatua ni la kweli kabisa. Wanaoifunga kurkumini kwenye lesithini ya soya au kuisaga iwe chembe za nano wanaipandisha kwenye damu mara 20, mara 30. Matangazo hayasemi uongo hapo.

Yanaacha kusema mawili. Moja, mara nyingi kinachopimwa ni kurkumini pamoja na ile iliyokwisha kugeuzwa na ini, ambayo haina nguvu ileile. Mbili, mara 30 ya kitu kidogo sana huenda bado ni kitu kidogo. Mwaka 2017 wanakemia walipitia majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini kwa binadamu, kwa maradhi mbalimbali, wasione hata moja la kulinganisha na dawa bandia kwa siri lililofaulu. Mwaka 2020 likatokea moja lenye matumaini huko Armenia: wanawake 150 wenye saratani ya matiti, paklitakseli ya kila wiki pamoja na kurkumini, na uvimbe ukasinyaa kwa asilimia 51 dhidi ya 33. Lakini ilikuwa kurkumini ya kwenye mshipa, hospitalini. Chupa ya binamu ni ya kumeza.

Na ya kwenye mshipa nayo usiitafute uchochoroni. Mwaka huo huo wa 2017, Marekani, mwanamke mmoja aliyetiwa dripu ya kurkumini alifariki. Iliyeyushwa kwa kitu kilichotokana na mafuta ya nyonyo, ndugu yake Cremophor, na wakaguzi walikuta humo uchafu wa dayathilini glaikoli, kemikali yenye sumu, na kurkumini yenyewe chache mno kuliko iliyoandikwa. Kwenye paklitakseli ya zamani tunajua mafuta hayo ni hatari, tunajipanga kwa deksamethasoni na nesi kando ya kitanda. Kwenye kliniki ya "tiba asili" nani amejipanga?

Nilimwomba binamu ageuze ile chupa anipigie picha ya nyuma. Kwa maandishi madogo: kurkumini, lesithini, dondoo la pilipili manga. Pilipili manga huwekwa kwa sababu inalizuia ini lisiigeuze kurkumini. Tatizo ni kwamba inaweza kuziba pia njia nyingine ya ini, ile inayoiondoa paklitakseli, vinkristini vilevile. Ukiiziba, dawa ya dripu inaweza kubaki mwilini zaidi ya tulivyopiga hesabu. Madaktari wa Marekani pia wameandika juu ya wagonjwa 10 walioumia ini kwa kapsuli za manjano, na mmoja alifariki. Manjano ya kwenye mchuzi wa samaki haina neno, shangazi aendelee nayo.

Nilivyowaambia wachague

Kama mgonjwa aliwahi kupata mzio mkali kwa paklitakseli ya kawaida, au deksamethasoni inamvuruga sukari vibaya, na fedha ya mizunguko yote ipo tayari, ya albumini ina maana, muulizeni daktari. Fedha ya mizunguko miwili halafu "tutaona" haitoshi, bora kuanza na ile mtakayoimaliza. Kama ni kongosho, fuateni alivyopanga daktari. Kama ni titi lililosambaa na vidole ndivyo riziki, mimi ningeanza na ya kawaida ya kila wiki, na kila wiki aulizwe habari za ganzi. Yoyote itakayonunuliwa ng'ambo, picha ya boksi na karatasi ya ndani zifike kwa mfamasia kabla ya dawa kufika. Kapsuli zisianzwe wakati wa dripu bila daktari kuziona.

Binamu hakununua Abraxane. Fedha aliyoitenga imelipa chumba karibu na hospitali, maana kila wiki kutoka Tanga si mchezo, na nauli ya dada anayemsindikiza.

Shangazi huja Alhamisi. Kwenye mkoba ana sindano ya kushonea na kibunda cha uzi mweusi, na kabla nesi hajamtafuta mshipa yeye hupenyeza uzi kwenye tundu la sindano mbele yangu, bila miwani, kwa majivuno. Wiki sita za mwanzo aliupitisha mara moja tu. Alhamisi iliyopita ulimshinda mara mbili, mara ya tatu ukapita. Alicheka akasema ni mwanga wa humu ndani. Nimemwandikia daktari wake siku ileile, na dozi ya wiki hii tunaijadili kabla sijafungua chupa.